Siem Reap na Maji Yaliyo Chini ya Mahekalu

Kaskazini-magharibi ya nchi ya Kambodia, kando ya mto mwembamba uteremkao kutoka vilima vya Kulen kuliendea ziwa kuu la Tonle Sap, upo mji wa Siem Reap, ambao leo huingiwa na wageni wa kila taifa kwa sababu moja iliyo kubwa kuliko zote: kwamba mwendo wa kilomita sita hivi kaskazini yake limesimama hekalu la Angkor Wat, na kulizunguka hekalu hilo, katika hifadhi ya kilomita za mraba 400 hivi, yametapakaa magofu ya miji mikuu ya dola ya Wakhmer, iliyotawala sehemu kubwa ya nchi hizo tangu karne ya 9 hata karne ya 15.

Aghalabu mgeni huamka kabla ya alfajiri, akapanda tuktuk, akaenda kungoja jua lichomoze nyuma ya minara mitano ya Angkor Wat. Maana hekalu hili, kinyume cha mengi ya wenziwe, limeelekezwa magharibi, hata mtu asimamaye mbele ya lango lake huliona jua likipanda mgongoni mwa hekalu. Akiisha kupiga picha hurejea mjini, na kesho yake akaondoka. Uzuri wa saa ile ni adhimu na hakuna haki ya kumlaumu autafutaye. Walakini mwenye kuondoka na picha hiyo peke yake ameyaona mawe bila ya kuyaona maji, na pasipo maji Angkor haifahamiki hata kidogo.

Uwanda ule hunyeshewa mvua nyingi kwa muda wa nusu ya mwaka, na nusu ya pili ukakaribia kukauka. Wafalme waliohamishia makao yao hapo mwishoni mwa karne ya 9 walifahamu kuwa mwenye kuimiliki mvua ataumiliki mpunga, na mwenye mpunga atakuwa na jeshi, mafundi na makuhani. Ndiyo sababu mfalme mwenye kutaka jina lake likumbukwe alianza kwa kuchimba mifereji na kujenga mabwawa, ndipo akainua hekalu. Bwawa lililo kubwa kuliko yote, liitwalo Baray ya Magharibi, lilijengwa katika karne ya 11, nalo lina urefu wa karibu kilomita 8 na upana wa kilomita 2 na zaidi, lote likiwa limezungushiwa tuta la udongo lililopandishwa kwa vikapu na mikono ya watu. Lingali lina maji mpaka leo, na siku za mapumziko watu wa Siem Reap huenda huko na watoto wao kuoga na kula samaki wa kuchoma.

Kwa nguvu hiyo ya mpunga mfalme Suryavarman II aliweza, katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, kuamrisha ujenzi wa Angkor Wat kwa taadhima ya mungu Vishnu wa Wahindu. Mawe yake ya mchanga yalikatwa chini ya vilima vya Kulen na kuletwa kwa mifereji; handaki lililozunguka hekalu lina upana wa mita 190; na kuta za baraza zake zimejaa nakshi za vita, za pepo na za jahanamu, kwa urefu ambao hata mwenye haraka hawezi kuumaliza kwa asubuhi moja. Mbele kidogo Jayavarman VII, aliyetwaa ufalme mwaka 1181 baada ya majirani zao Wacham kuuteka mji wa Angkor, alijenga Angkor Thom, mji wa ukuta wa kilomita tatu kila upande, na katikati yake hekalu la Bayon lenye nyuso kubwa za mawe zinazotazama pande zote. Naona kuta za Bayon ni hazina kuu ya msafiri mwenye moyo wa kuwajua watu, kwa kuwa hapo wachongaji hawakuridhika na miungu na wafalme, bali waliwachonga wanawake wakiuza sokoni, wapishi mekoni, wavuvi mashuani na waume wakipiganisha majogoo. Atokaye hapo akaingia soko la Siem Reap atawakuta wanawake wamekaa vivyo hivyo nyuma ya biashara yao, na mbele yao samaki wale wale wa Tonle Sap, wabichi, wakavu, au waliovundikwa kwa chumvi kuwa prahok, ambayo bila yake chakula cha Mkambodia hakikamiliki.

Ziwa hilo lenyewe ni ajabu. Mvua zikisha kuujaza mto Mekong, maji yake husukuma mto utokao ziwani hata ukageuka na kutiririka kinyume, na ziwa likapanuka mara kadhaa kuliko lilivyokuwa wakati wa kiangazi. Misitu huzama, samaki huingia humo kuzaa, na nyumba za kijiji cha Kampong Phluk, zilizoinuliwa juu ya nguzo ndefu mno, huonekana kama zimewekwa juu ya maji.

Maji yaliyoijenga dola ndiyo yaliyosaidia kuibomoa. Pete za miti mikongwe ya Vietnam zimehifadhi habari za miaka ya ukame mkali katika karne ya 14 na ya 15, iliyoandamana na mvua za gharika. Mifereji ikavunjika na kujaa mchanga, na majeshi ya ufalme jirani wa Ayutthaya yalipouteka mji mwaka 1431, makao ya wafalme yalihamia kusini. Nyumba za watu, zilizokuwa za miti na makuti, zikaoza, yakabaki mawe ya miungu. Lakini si kweli kwamba Angkor Wat lilisahauliwa mpaka Mfaransa Henri Mouhot alipolifikia mwaka 1860. Watawa wa Kibudha, ambao dini yao ilikuwa imechukua mahali pa ile ya Wahindu, waliendelea kusali humo, na mwaka 1632 hujaji mmoja kutoka Japani aliandika maneno yake kwa wino juu ya nguzo, nayo yamo hata sasa.

Msiba mkubwa ulikuja karibu na zama zetu. Vita na utawala wa Khmer Rouge, wa mwaka 1975 hadi 1979, viliua watu wengi mno, vikapoteza hati za mafundi waliokuwa wamelifumua hekalu la Baphuon jiwe kwa jiwe ili walijenge upya, hata ikalazimu mawe yapatayo 300,000 yatafutiwe mahali pake pasipo hati, kazi iliyokwisha mwaka 2011. Na viliacha mabomu ya ardhini mashambani. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana jambo la kujivunia: panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hunusa baruti iliyofukiwa na kwa wepesi wao hawalipui bomu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia tangu mwaka 2016, akafichua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Katika Siem Reap mgeni anaweza kuzuru kituo cha shirika hilo na kuwaona panya wakionyesha kazi yao.

Hatari iliyopo leo ni ya kimya. Mahekalu haya mazito yamesimama juu ya mchanga, na kila mtu wa pwani ajua kuwa mchanga uliolowa humbeba mtu, ilhali mkavu humzamisha mguu. Maji ya chini ya ardhi ndiyo yaushikao mchanga wa Angkor. Nayo hoteli za Siem Reap, zilipoongezeka upesi kwa ajili ya wageni, ambao mwaka 2019 walipita milioni 2, ziliyavuta kwa pampu usiku na mchana. Mamlaka ya APSARA, iliyoundwa mwaka 1995 kuyatunza magofu, iliona kuwa dawa ni kuirudia hekima ya wafalme: mifereji ya kale ikazibuliwa, mahandaki yakajazwa maji, na Jayatataka, bwawa la Jayavarman VII lililokuwa kavu kwa karne nyingi, likapata maji tena. Laiti hekima hiyo ingeambatana na huruma kwa wanavijiji wa hifadhini, ambao maelfu ya familia zao zimehamishiwa mahali paitwapo Run Ta Ek tangu mwaka 2022. Serikali yasema wamehama kwa hiari, na watetezi wa haki za binadamu wasema wameshurutishwa.

Basi ewe msomaji, ukijaaliwa safari, nenda baina ya Julai na Oktoba, wakati mahandaki yamejaa na wageni ni wachache. Funika mabega na magoti, usiguse nakshi, na maji ya hotelini uyatumie kwa kiasi. Tikiti ya siku moja ni dola 37 na ya siku tatu ni dola 62. Chukua ya siku tatu, upate nafasi ya kwenda pia Baray ya Magharibi na Tonle Sap.