Kupanga Safari ya Siku Moja: Kutoka Ukingo wa Newala Hadi Chemchemi za Bondeni

Apandaye mlima kulifuata ziwa la juu, kama Ziwa Ngozi katika milima ya Poroto mkoani Mbeya, huianza safari kwa taabu na kuimaliza kwa nafuu. Hupanda akiwa na nguvu, na achokapo njia humteremsha. Katika uwanda wa juu wa Makonde mambo ni kinyume. Mwanafunzi wa Newala au Mnyambe yu juu tayari, na maji yako chini. Huanza kwa kushuka, na kazi nzito humngoja mwishoni. Mpango wa safari yake hauna budi kuanzia hapo.

Kwa nini maji yako chini?

Ziwa Ngozi limo ndani ya kasoko ya volkano, na maji yake hukusanyika kama bakulini. Uwanda wa Makonde hauna bakuli la namna hiyo. Umefanyika kwa matabaka ya mawe ya mchanga, na juu yake udongo mwekundu wenye mchanga mwingi. Mvua, ambayo aghalabu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hupenya upesi ardhini. Maji huzama mpaka yakutane na tabaka lisilopenyeka, kisha hutokeza chini ya ukingo kama chemchemi.

Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za wenyeji walioshuka ukingo kuteka maji. Aliandika pia simulizi ya Wamakonde kwamba watoto wa kwanza, waliozaliwa mabondeni, hawakuishi, bali aliyezaliwa juu aliishi. Leo yajulikana kwamba mbu waenezao malaria huzaliana majini. Kukaa juu kulikuwa na faida yake, na gharama yake ilikuwa safari ya maji.

Kukadiria muda

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ya kukadiria mwendo wa mlimani. Kwa vipimo vya leo ni hivi: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda.

Tuseme njia ina kilomita 6, na tofauti ya kimo ni mita 500, kama ilivyosomwa katika ramani yenye kontua. Kushuka ni saa 1 na dakika 12. Kupanda ni saa 2 na dakika 2. Kanuni hii yawafaa watu wazoefu. Kwa kundi la wanafunzi yafaa kuongeza nusu. Hivyo kushuka kutachukua karibu saa 2, na kupanda saa 3.

Hesabu hiyo ndiyo ipangayo ratiba. Kundi likiondoka saa 12 na nusu asubuhi, litafika chini kabla ya saa 2 na nusu. Likianza kurudi saa 3 kamili, litafika juu saa 6 mchana. Likichelewa chini mpaka saa 5, litapanda wakati wa joto kali kuliko wote. Kwa hiyo saa ya kurudi iwekwe kabla ya kuondoka, na isibadilishwe hata kama chemchemi haijafikiwa.

Joto na maji

Hewa hupata joto kwa kadiri ya nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kushuka. Chini kwa mita 500 kuna joto zaidi kwa nyuzi 3 hivi.

Mwanafunzi wa kilo 50, mwenye mzigo wa kilo 5, apandapo mita 500 hufanya kazi ya 55 × 9.8 × 500, yaani karibu kilojuli 270. Lakini misuli hugeuza takribani robo tu ya nishati yake kuwa kazi. Robo tatu, kilojuli 810, huwa joto la mwili. Jasho la lita 1 likikauka huondoa kilojuli 2,400 hivi. Kupanda peke yake kwadai jasho la theluthi ya lita, mbali na mwendo wenyewe na jua.

Kila mmoja achukue lita 3: moja ya kushuka, mbili za kupanda. Maji ya chemchemi yasinywewe bila kuchemshwa, hata yakiwa maangavu. Mihogo na korosho za chumvi zafaa kwa chakula. Mwenyeji ajuaye njia atangulie, mwalimu afuate nyuma, na mwendo uwe wa yule aliye mzito kuliko wote. Mwenye kizunguzungu apumzishwe kivulini, alowanishwe na kupepewa. Akianza kusema ovyo, hiyo ni hatari ya kufa: aendelee kupozwa huku akipelekwa hospitali.

Ndoo ya lita 20

Tangu miaka ya 1950 pampu zimekuwa zikisukuma maji kutoka mabondeni hadi juu ya uwanda. Kabla ya hapo, na hata baadaye kila mitambo iliposimama, kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Mwanafunzi akokotoe upya akiweka kilo 70 mahali pa 55: mama wa kilo 50 na ndoo ya lita 20. Atapata kilojuli 343 za kazi, na zaidi ya kilojuli 1,000 za joto, kwa ndoo moja. Kisha ashuke ukingo, apande, na ailinganishe hesabu yake na miguu yake.