Mtoto Haoni Haya Kuanguka

Bila shaka kila mmoja wenu amepata kumtazama mtoto anapoanza kusimama dede. Hushika ukuta, huachia, hupepesuka, kisha huanguka kitako. Akiumia hulia kidogo. Baada ya kitambo huushika ukuta tena. Wala hatazami huku na huku aone ni nani aliyemwona akianguka. Shabaha yake si kufika Pangani; ni kufika magotini pa mama yake, hatua tatu tu. Akifika leo, kesho hutaka kufika mlangoni, na kesho kutwa ua mzima ni wake.

Sisi tuliokwisha kukua twasema hayo ni mambo ya kitoto, nasi tumesahau ya kuwa ndivyo tulivyojifunza karibu kila tulijualo. Mwezi huu twapenda kulitazama neno hili pamoja nanyi, maana twaona ya kuwa watu wazima wengi huacha kazi njema katikati, si kwa kukosa nguvu wala akili, bali kwa kuona haya.

Watazameni watoto wa pwani yetu, tangu Moa hata Mkwaja, wanapocheza ufukoni na vingalawa vyao vya mti mwepesi, tanga lake kipande cha nguo kuukuu. Mtoto hukitia chombo chake majini, nacho hulala ubavu. Hukitoa, hukigeuzageuza, hutia kijiwe ndani kiwe farumi. Kikizama, hutoa kijiwe kile akatia kilicho kidogo. Kikienda upande, husogeza mlingoti. Hamtamsikia akisema, "Mimi sikuumbwa kuwa fundi." Tena angalieni neno hili, maana ni kubwa: harudii kosa lile lile mara kumi. Kila mara hubadili kitu kimoja, akatazama. Kuvumilia kwake si ukaidi. Ni kujaribu pamoja na kufikiri. Na akishindwa kabisa humwendea kaka yake akamwuliza. Wazee walisema kweli, asiyeuliza hana ajifunzalo.

Sasa na tumtazame mtu mzima. Mama mmoja, jirani yetu, alianza kujifunza kusoma, ili apate kukifuata kitabu cha sala mwenyewe. Alikwisha kuzijua herufi zote, akawa anaunganisha silabi. Siku moja alisoma neno vibaya mbele ya wenzake, na mmoja akacheka. Tangu siku ile hakuja tena. Mwanawe mwenye miaka saba husoma vibaya kila siku, huchekwa kila siku, na kila asubuhi hurudi shuleni. Hatusemi ya kuwa mtoto ana akili kuliko mama yake. Walichekwa wote wawili. Mmoja aliondoka, na mmoja alibaki.

Yuko mzee wa nchi ya jirani aliyebaki. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa ada katika shule za msingi. Mzee Kimani Maruge wa Eldoret alisikia habari hiyo, na Januari 2004 akaenda kuandikwa darasa la kwanza, umri wake miaka 84. Alikuwa amepigana katika vita vya Mau Mau, tena alikuwa babu wa wajukuu wengi, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wa shule ile ile. Alitaka mambo mawili: kuisoma Biblia mwenyewe, na kuzihesabu fedha zake mwenyewe. Basi akavaa sare, suruali fupi na soksi ndefu, akaketi pamoja na watoto wadogo. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kuwasihi wakuu wa mataifa juu ya elimu ya watoto wasio na ada. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalimtoa nyumbani kwake akaishi kambini, walakini hakuacha masomo. Mwaka 2009 alibatizwa, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule akafariki. Mzee huyo hakuwa na nguvu kuliko wazee wa kwetu. Alikubali tu kuwa mdogo tena.

Na sisi Wakristo wa pwani tusiwasahau wale wavulana watano waliotolewa utumwani, ambao Seyyid Majid wa Unguja alimpa Askofu Tozer mwaka 1864. Walikuwa mbali na kwao, hawana baba wala mama karibu nao, wakaanza na herufi. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Hesabuni: miaka 15, tangu herufi ya kwanza hata altare. Hakuna aliyeuona mwisho ule siku ile ya kwanza. Palikuwa na somo la leo, na kesho somo lingine.

Lakini tusiwasifu watoto kupita kiasi. Mtoto naye huchoka, hukasirika, hutupa kingalawa chake mchangani. Yule anayekwenda tete hujaribu tena kwa sababu yuko mtu mbele yake aliyemnyoshea mikono. Akikosa mikono ile, au akipigiwa kelele kila aangukapo, upesi naye hujifunza kuogopa. Haya hiyo ya kushindwa mtoto hazaliwi nayo. Ni sisi tunaomfundisha. Baba amwitaye mwanawe mjinga kwa ajili ya hesabu moja, na mwalimu aliachaye darasa limcheke mwenzao, wote wawili wanampokonya mtoto kitu ambacho hawataweza kumrudishia kwa fimbo wala kwa zawadi.

Twakumbuka jinsi Bwana wetu alivyomweka mtoto mdogo kati ya mitume walipokuwa wakishindana juu ya ukubwa. Mara nyingi twalisoma neno lile kama kwamba ni sifa kwa watoto. Twadhani ni kazi waliyopewa watu wazima.

Basi na tukiri neno moja. Siku ile mama yule alipochekwa, sisi tulikuwapo, wala hatukusema lolote. Tumekwenda kwake kumwomba radhi, nasi tulimkuta barazani, mwanawe amefungua kitabu magotini, akisoma kwa kidole. Mtoto alikosea neno. Mama akamwambia taratibu, "Rudia, baba." Kumbe alikuwa akifuata kila herufi! Tukamwomba arudi darasani. Hakutujibu, ila alimwomba mwanawe kitabu, akatafuta mahali palepale, akaanza kusoma neno lile yeye mwenyewe.

Alikosea. Mtoto akamwambia, "Rudia, mama." Naye akarudia.