"Sista, Ni Mimi Nilimpa?"

Mtoto amelia usiku kucha. Vidole vimevimba, macho yamegeuka manjano, na mama amembeba kwa miguu kutoka Gatwekera, Kibera, kwa sababu nauli haipo. Damu inapimwa, majibu yanarudi SS, yaani selimundu. Kisha nesi anaulizwa swali ambalo halina dawa kabatini: "Sista, ni mimi nilimpa au ni baba yake?"

Je, msomaji, ungekuwa wewe nesi ungejibuje?

Usidhani ni swali dogo. Nyumbani mama mkwe anangoja na lake tayari: "Kwetu hatuna ugonjwa kama huu, huyu msichana ndiye aliyeuleta." Ndoa inaweza kuvunjika kwa neno moja lililosemwa vibaya kliniki. Ilhali ukweli ni kwamba mtoto hawi SS mpaka apokee urithi huo pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Wazazi wenyewe huwa AS, wazima kabisa, wala hawajui.

Familia nyingi za Kibera na Kawangware zina asili yao Nyanza na Magharibi. Mwaka 1949 Anthony Allison, Mwingereza aliyelelewa hapa Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akaona kwamba alama ya selimundu imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu kwenye nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Si laana, basi, wala si mkono wa jirani.

Kueleza hayo kwa mama aliyekesha ni kazi ya kusomewa. Chukua mfano huu tu. Wazazi wote wawili wakiwa AS, wengi huambiwa, "mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa mgonjwa." Mama akienda nyumbani anahesabu: wa kwanza ameugua, basi watatu wajao wako salama! La hasha. Kila mimba huanza hesabu upya, kama kurusha sarafu. Wanaweza kuzaa wanne wazima, au wawili wagonjwa mfululizo.

Ushauri huu una wataalamu wake. Marekani, Chuo cha Sarah Lawrence kilianza kuwafundisha mwaka 1969, na hapa barani vyuo vikuu vya Witwatersrand na Cape Town, Afrika Kusini, hutoa shahada ya uzamili ya kazi hiyo. Nanyi wanafunzi mnaopenda baiolojia na pia mnapenda watu, likumbukeni hilo. Kwetu Kenya wataalamu hao ni wachache mno, kwa hivyo mzigo unamwangukia nesi, tabibu wa kliniki na yule mhudumu wa afya anayepita mlango kwa mlango Gatina au Laini Saba na mkoba wake.

Ndipo masomo ya kuendelea yanapohitajika. Nesi wa Kenya hahuishi leseni yake bila kuonyesha kwamba ameendelea kusoma. Tuseme ukweli, wapo wanaokwenda semina kwa ajili ya cheti na chai. Lakini aliyefunga daftari siku ya kuhitimu atawapotosha watu bila kujua. Kipimo cha zamani cha kuona kama seli zinapinda hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto aliye chini ya miezi 6 kinaweza kudanganya kabisa. Siku hizi kuna vipimo vya tone la damu kidoleni vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Dawa nazo huja na kuondoka: voxelotor iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, na Septemba 2024 kampuni ikaiondoa sokoni. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kurekebisha jeni, ambayo bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Baba aliyeisikia redioni atauliza lini itafika Mbagathi. Anastahili jibu la kweli, lisilomdanganya wala kumkatisha tamaa, maana hydroxyurea, penisilini ya watoto na asidi ya foliki zipo na zinasaidia.

Gumu kuliko yote ni siri. Mtoto ni SS, baba anapimwa, naye ni AA. Nesi anajua papo hapo kwamba kuna jambo ndani ya nyumba ile. Atasema nini, na mbele ya nani? Hili halifunzwi kwa kitabu pekee. Washauri huketi wawili wawili, mmoja akiigiza mke, mwingine mshauri, wenzao wakikosoa. Kenya tuna mazoea hayo tangu vituo vya VCT vilipoenea kuanzia mwaka 2001.

Aliyefunzwa vyema hamtaji mwenye kosa, kwa kuwa hayupo. Anavuta kiti, anamngoja mama afute machozi, ndipo anasema: "Mama, hakuna aliyemfanyia mtoto ubaya. Leo tumtulize maumivu. Alhamisi njoo na baba yake, niwaeleze mkiwa pamoja."