Chumba cha Mtoto Mwaya: Kutoka Kibanda cha Matete hadi Geto (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi nyumba ya Kinyakyusa ilivyosimamishwa: mianzi imechomekwa kwa duara, kuta zimeinama kidogo kuelekea nje, na kina mama wakijaza nafasi zilizobaki kwa matonge ya udongo. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu sana nyumba hizo kwa unadhifu wake. Leo tuingie ndani, kwenye jambo linalowagombanisha wazazi na watoto wao: je, mtoto aachiwe apambe mahali anapolala kama apendavyo?

Wengi hulichukulia kama suala la mjini, la watu wenye vyumba vya ziada na pesa ya rangi. Lakini katika bonde la Kyela, Mwaya ikiwamo, mtoto wa kiume aliwahi kuwa na zaidi ya chumba. Alikuwa na nyumba.

Godfrey na Monica Wilson waliishi na kufanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Walikuta kwamba mvulana akitimiza miaka 10 au 11 hivi, aliacha kuchunga ng'ombe wa baba yake, akashika jembe, na hakulala tena nyumbani. Alihamia kwa wenzake wa rika lake, pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakajijengea vibanda. Mchana alilima shamba la baba. Chakula alikula kwa mama, lakini si peke yake: kundi zima lilikwenda kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule. Monica aliyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951.

Sababu ilikuwa adabu. Kijana anayekua hakupaswa kuwa karibu na mambo ya usiku ya wazazi wake. Halafu siku atakapooa, mkewe atalazimika kumkwepa baba mkwe, asikutane naye njiani wala kulitamka jina lake. Wangeishije ua mmoja? Basi kijana alioa akabaki palepale, kibanda kikawa nyumba, na lile kundi la watoto likawa kijiji cha watu wazima. Baadaye, katika sherehe ya ubusoka, wazee waliwakabidhi rasmi ardhi na madaraka.

Turudi kwenye vibanda, maana hapo ndipo penye somo letu. Vya kwanza vilikuwa vya matete, kazi ya mikono isiyojua kazi. Naamini vingine viliegemea upande. Hata hivyo hakuna mvulana aliyeomba ruhusa ya kuamua mlango utazame wapi au kitanda kikae wapi, kwa kuwa aliyejenga ndiye aliyeamua. Wala hakuamua peke yake. Alilala na wenzake, na macho yao yalikuwa makali kuliko ya mama. Uhuru wake ulizaliwa pamoja na kazi na ndani ya ushirika, na sijui kwa nini siku hizi tunadhani uhuru wa mtoto ni kumfungia mlango na kumwacha na mambo yake.

Tusiusifu mno utaratibu huo. Binti hakupata kijiji. Alibaki kwa mama hadi ndoa, nayo ndoa ilimjia mapema. Alijifunza kukandika na kusiliba kwenye ukuta wa mama, kisha akaupeleka ujuzi huo nyumbani kwa mume. Mikono iliyojua zaidi kupendezesha ukuta ndiyo iliyokosa ukuta wa kwake.

Vijiji vya rika vilipungua nguvu kwa sababu zinazoeleweka. Ardhi ilibana. Kahawa huko juu Rungwe ilimfanya mtoto atamani kurithi shamba la baba badala ya kuhama. Vijana walikwenda machimboni, wakarudi na fedha na mawazo mapya juu ya nyumba. Leo Kyela ni tofali za kuchoma na mabati, na watoto wanne hulala chumba kimoja bila mtu kushangaa. Kijana wa kiume bado hutengwa kidogo: hupewa chumba cha uani chenye mlango wake, naye hukiita geto. Ukutani kuna Simba au Yanga, kalenda ya mwaka juzi aliyoiacha kwa ajili ya picha, na taa za rangi zilizonunuliwa sokoni. Mzazi akiingia huguna. Babu yake kwa umri huo alikuwa na paa lake mwenyewe.

Ushauri wangu kwa mwenye watoto wengi na chumba kimoja ni kugawa kuta, na dada apate wake sawa na kaka. Wakigombana, waache kwanza wagombane. Mstari ukipinda, usiende usiku kuunyoosha. Na akichoka na alichokipaka, kukipaka upya iwe kazi yake, si ya fundi wa baba.

Hali ya hewa ya huku nayo ina neno. Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukuta usio na msingi mzuri hufyonza maji kutoka chini. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo hutoka malengelenge, na karatasi za gundi huota ukungu. Chokaa hustahimili zaidi kwa sababu huacha ukuta upumue, ila huunguza macho, hivyo mtu mzima ndiye aichanganye. Udongo mweupe na mwekundu hauna bei, na hata mtoto wa miaka mitano anaweza kuupaka kwa kiganja. Kwa rangi za dukani, soma kopo: kiwango cha risasi kinachopendekezwa kimataifa hakizidi sehemu 90 katika milioni, na watoto hutia kila kitu mdomoni. Kuhusu chandarua sibembelezi. Mapambo yasining'inizwe juu yake wala kisifungwe mafundo kipendeze. Mbu wa bonde hili hawajali urembo.

Wiki ijayo tutavuka hadi Ikombe, ng'ambo ya Matema, kwa wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu, tuone binti anaanza umri gani kuachiwa chungu akipake rangi mwenyewe.