Haut-Lomami: Radi na umeme usiotulia, maadui wawili wa redio za Kabongo

Mvua zinaporudi Haut-Lomami, kuanzia mwezi wa kumi, redio ndogo za FM zinaingia katika miezi yao migumu. Dhoruba moja ya jioni inatosha kuunguza mtambo wa kurusha matangazo, na wakaaji wakabaki bila habari kwa majuma mengi. Lakini sehemu kubwa ya hasara hiyo inaweza kuepukwa kwa nguzo chache za chuma, waya wa shaba na kazi iliyofanywa vizuri kabla mawingu hayajakusanyika.

Katika tarafa ya Kabongo, kaskazini mwa Kamina kwenye reli ya SNCC inayoelekea Kabalo, jambo hili si dogo. Gazeti ni nadra kufika. Ni kwa redio mama anajua siku ya chanjo, na ni kwa redio vijiji vinaonywa juu ya kipindupindu, ugonjwa ambao jimbo hili linaujua kupita kiasi. Redio ikinyamaza, uvumi unachukua nafasi yake. Na kipuri kikiagizwa Lubumbashi, kinasafiri mamia ya kilometa wakati mvua imekwisha kuharibu barabara.

Radi inaingia wapi?

Kongo ni kati ya nchi zinazopigwa sana na radi duniani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, kwa kutumia picha za satelaiti za miaka 16, uliweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: miale zaidi ya 200 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Kampene, jimboni Maniema, ilihesabiwa zaidi ya 170. Haut-Lomami haifikii hapo, lakini katika mji wa nyumba fupi, piloni ya redio mara nyingi ndiyo inayopita miti na mapaa yote. Radi inaitafuta ya kwanza.

Wengi wanafikiri kwamba ukiisha kufunga kinga-radi juu ya piloni, kazi imekwisha. Kinga-radi haizuii radi, inaionyesha tu njia ya kushuka. Swali ni hili: ikiisha kushuka, inakwenda wapi?

Radi ya kawaida inabeba umeme wa ampea 30 000 hivi. Mafundi wanapendekeza ukinzani wa udongo pale nguzo ya ardhi ilipopigwa usipite omu 10. Lakini hata hapo, 30 000 mara 10 ni volti 300 000. Ukishusha ukinzani mpaka omu 1, kazi ngumu sana katika udongo mwekundu uliokauka, bado zinabaki volti 30 000. Kwa hiyo nguzo nzuri peke yake haitoshi.

Ndege anayetua juu ya waya wa umeme hafi, kwa sababu miguu yake yote miwili inagusa umeme wa kiwango kimoja. Mtambo wa redio nao ni hivyo. Hauungui kwa sababu umeme umepanda, unaungua kwa sababu umeme umepanda upande mmoja na kubaki chini upande mwingine. Piloni ikiwa na nguzo yake ya ardhi, jenereta ikiwa na yake nyuma ya nyumba, na studio ikiwa na ya tatu, radi inapiga piloni, inafuata kebo ya antena, inapita ndani ya mtambo na kutokea kwa waya wa jenereta ili kufikia ardhi ya pili. Mtambo umegeuka daraja.

Ardhi moja kwa wote

Dawa yake ni kuunganisha nguzo zote za ardhi kwa waya mnene wa shaba, ili piloni, studio, jenereta na paneli za jua vipande na kushuka pamoja. Kebo zote, ya antena na za umeme, ziingie nyumbani mahali pamoja, kwenye bamba moja la shaba lililofungwa ardhini. Hapo ndipo vinawekwa vifaa vya kukata umeme uliozidi, kimoja kwa kebo ya antena, kingine kwa umeme unaoingia. Ganda la kebo ya antena lifungwe pia kwa piloni, juu na chini.

Nguzo za ardhi zenye urefu wa meta 2 au 3 zipigwe mbali moja na nyingine, umbali usiopungua urefu wa nguzo yenyewe. Waya unaoshuka usikunjwe kwa kona kali, kwani radi inapenda njia iliyonyoka na inaweza kuiruka kona hiyo. Kumwaga chumvi kwenye shimo kunasaidia kwa muda tu: mvua inaiosha, na chuma kinaliwa na kutu.

Adui wa pili anafanya kazi kila siku bila kelele. Mahali ambako umeme wa SNEL haufiki, redio inaishi kwa jenereta au kwa jua. Jenereta inayokaribia kumaliza mafuta inapandisha na kushusha volti, na vipande vidogo vya mtambo wa FM havivumilii hilo. Jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo mtambo ufunguliwe. Wakati wa kufunga, mtambo ndio unatangulia. Stabilizateri katikati yao inagharimu kidogo kuliko mtambo mpya. Betri za jua zinatoa umeme uliotulia zaidi, lakini waya za paneli juu ya paa nazo zinahitaji kinga.

Dhoruba ikikaribia, redio isiyo na kinga ifungwe mapema. Kuchomoa kebo wakati radi inapiga ni kuhatarisha maisha. Na kebo iliyochomolewa isiachwe juu ya meza ya studio, bali ifungwe nje, kwenye ardhi.

Inabaki shida ambayo Katanga yote inaijua: shaba inaibiwa. Waya uliofukiwa chini na kuchomelewa ni mgumu kung'oa, lakini nao lazima uangaliwe. Ukinzani upimwe kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati udongo umekauka kabisa, na matokeo yaandikwe katika daftari la redio.

Daftari hilo linaweza kulinda zaidi ya mashini. Katika vijiji vingi, radi ikiharibu kitu au kuua mtu, watu wanaanza kumtafuta aliyeituma, na mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mzee au kwa mjane. Redio inayojua ardhi yake ilipimwa lini, na waya gani ulikuwa umekatika, inaweza kuwaambia wasikilizaji wake sababu ya kweli, mradi iwe bado hewani.