Ruta Ina Milango Miwili

MWEZI wa kwanza nilimlaumu aliyeniuzia laini. Mwezi wa pili nikawalaumu wanangu. Bando la mwezi mzima lilikwisha siku ya tisa, na masomo ya jioni yakakwama sebuleni kwangu Nsambya, hapa Kampala, watoto saba wakinitazama.

Watoto hao ni wa jamaa waliorejea nchini na wa wafanyabiashara wa Mutukula na Mpondwe. Wengine wameanza shule kwa Kiswahili, wengine kwa Kifaransa. Hapa mtihani ni kwa Kiingereza. Mimi mwenyewe nilivuka Busia mwaka 1985 mgongoni mwa mama, nikasomea Nakuru. Najua mtoto anavyojisikia anapokuwa mgeni darasani kwa mara ya pili. Ndiyo maana nilinunua ruta.

Nilibadilisha neno la siri la waifai mara tatu, wala haikusaidia. Siku moja nikafungua ukurasa wa ruta yenyewe kwenye simu, nikakuta vifaa kumi na kimoja vimeunganishwa. Nyumbani tuna vinne. Kumbe kijana mmoja wa hapo uani, ambaye nilimpa waifai mwenyewe atume fomu ya chuo, alikuwa ameingia humo na kuwasha mtandao wa wageni usio na neno la siri. Nilipomuuliza alicheka: “Musomesa, mlango ulikuwa wazi, ssebo.”

Alisema kweli. Ndugu msomaji, ruta ina maneno ya siri mawili. La kwanza ni la waifai, ambalo kila mgeni huliomba. La pili hufungua mipangilio ya ruta, na katika ruta nyingi, hasa za zamani, limeachwa “admin” kama lilivyotoka kiwandani. Aliyekwisha kupata waifai huandika tu namba iliyo kwenye stika, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, akafika. Mwenye duka Kikuubo ana hatari kubwa kuliko yangu: aliyeishika ruta anaweza kuielekeza simu yake kwenye ukurasa bandia wa benki.

Dawa yake ni pini. Ibonyeze katika kitundu cha nyuma kwa sekunde kumi hivi, ruta irudi kama mpya, kisha ubadilishe maneno yote mawili papo hapo, kabla hujamwita mtu. Uyaandike daftarini. Zima WPS. Wateja wapewe mtandao wa wageni wenye neno lake la siri, mbali na kompyuta ya hesabu. Mara moja kwa mwezi mimi hutazama kama kuna programu mpya ya ruta. Inapopakiwa, usizime umeme.

Wanaonunua ruta iliyotumika kule mpakani waulize kwanza kama imefungwa kwa laini za kampuni moja. Nimeona nzuri kabisa kutoka ng’ambo ikikataa laini ya Uganda.

Halafu kuna radi. Kampala haina mzaha na radi; mawingu yakitanda, chomoa waya wa umeme, na wa antena ya nje kama unayo. Umeme ukikatika, chomoa pia, usubiri dakika chache baada ya kurudi, maana hurudi kwa kishindo. Weka ruta juu karibu na dirisha, si sakafuni nyuma ya televisheni.

Na si kila kosa ni la ruta. Uganda haina bahari; intaneti yetu nyingi hutoka pwani, Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Jirani yangu aliipeleka ruta kwa fundi, akalipa, ikarudi vilevile.

Bando langu sasa hufika tarehe 28. Siku zinazobaki tunasoma kwa chaki.