Sayansi Huria: Muhogo wa Amani na Tasnifu za Kabatini

Tangu Mkutano Mkuu wa UNESCO upitishe Pendekezo la Sayansi Huria, yaani utafiti ulio wazi kwa wote, Novemba 2021, wapo wanaoliona kuwa jambo geni tuliloletewa kutoka Paris. Historia yetu inasema vingine. Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walikianzisha mwaka 1902; tutazame muhogo wake. Batobato, maradhi yanayokunja majani na kuyatia mabaka, iliandikwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza huko huko Usambara, mwaka 1894. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, walichavusha muhogo kwa mpira wa Ceará, mti ambao Wajerumani waliupanda kwa tamaa ya fedha, kisha wakaurudisha uzao wake kwenye muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi wakapata mche wenye mizizi ya kuliwa na kinga ya mpira. D. L. Jennings aliipokea kazi hiyo baadaye. Mbegu za mche mmoja, 5318/34, zilipelekwa Nigeria, zikazaa 58308, na huo ukawa mzazi wa aina nyingi za Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA). Batobato kali ilipofyeka mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, aina za ukoo huo ndizo zilizowarudishia wakulima chakula. Yote hayo yaliwezekana kwa kuwa nasaba iliandikwa, matokeo yakachapishwa, na mbegu hazikufichwa.

Watasema Amani ilikuwa chombo cha mkoloni, na kwamba leo tukianika takwimu zetu, wenye maabara kubwa watatutangulia kuchapisha. Hofu hiyo ina haki yake. Mkulima aliyetoa mbegu zake za asili asipotajwa, hiyo ni dhuluma. Lakini kufungia hakujawahi kumlinda mnyonge. Kinachomlinda ni masharti: takwimu ziwe na tarehe, jina la aliyezikusanya na leseni inayomlazimu mtumiaji kumtaja. Pendekezo lenyewe linaruhusu kuzuia siri za watu na maarifa ya siri ya wenyeji. Anayeumizwa zaidi na tasnifu zilizofungiwa kabatini ni mwanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayetumia miaka miwili na fedha za umma kutafuta jibu ambalo huenda limekwisha kupatikana katika chuo cha Morogoro.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia bado unaozesha muhogo wa pwani, na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) huko Mikocheni, Kinondoni, Dar es Salaam, wanapambana na virusi vyake. Vyuo vikuu vina wajibu wa kuwaunga mkono. Mhadhiri anapoombewa cheo, takwimu alizoziweka wazi zihesabiwe pamoja na makala zake, na hakuna mwanafunzi wa uzamili anayestahili kuvaa joho kabla tasnifu yake haijawekwa mahali ambapo bwana shamba wa Bunju anaweza kuisoma bila kulipa.